Ruta ya "bila kikomo" hapa Mtwara: miezi mitano, laki na arobaini ya Oktoba, na kamera ya korosho

Habari za mihangaiko. Niliahidi watu wawili watatu kwamba nikikaa na hii ruta mwezi mmoja nitaandika ikoje, mwezi ukawa miwili, ikaingia korosho, nikasahau kabisa. Sasa ndo naandika, na bora nilichelewa maana ningeandika Agosti ningeisifia tu, nilikuwa sijapigwa bado.

Kampuni siitaji jina. Siogopi mtu, ila hiki ninachotaka kueleza hakiko kwa hao tu, nimeuliza jirani mwenye ruta ya kampuni nyingine na yeye hadithi ni ileile, rangi ya boksi tu ndo tofauti.

Tuanze na nilichonunua. Ruta ya laini, ile unachomeka kwenye umeme inatoa waifai nyumba nzima, hakuna waya wa faiba maana faiba huku kwetu Mangamba haijafika. Nililipa sh 70,000 ya mwezi wa kwanza ruta nikapewa humohumo. Yule kijana wa dukani akaniambia "kaka hii bila kikomo, familia nzima mnatumia mpaka mchoke". Kwenye karatasi imeandikwa kwa maandishi makubwa BILA KIKOMO, chini yake "spidi mpaka Mbps 10", yaani megabiti 10 kwa sekunde, na chini kabisa kwa maandishi ya sisimizi "sera ya matumizi ya haki inatumika". Mimi hiyo ya mwisho nilidhani ni mambo ya kutotumia mtandao vibaya, kutukana watu, vitu hivyo. Kumbe ndo kikomo chenyewe kimejificha hapo.

Julai safi. Agosti safi. Septemba safi, tena mkwe wangu alitoka Newala akakaa na sisi, bibi yetu yule kaswida na mawaidha ya YouTube ni kuanzia baada ya alfajiri mpaka jua linazama, na bado ruta ilikuwa inavuta vizuri tu. Kuifunga ruta haikuwa kazi, nimeiweka dirishani upande unaotazama mnara, taa zikawa za kijani, basi. Umeme ukikatika na yenyewe inazima, hilo mlijue, ukitaka iendelee uwe na betri yake pembeni. Mpaka hapo ningewapa nyota tano bila kufikiri.

Oktoba sasa.

Nina shamba kidogo Nanguruwe na mwaka huu gunia kadhaa nilizileta nyumbani nikaziweka stoo wakati nasubiri utaratibu wa kuuza kupitia chama cha msingi cha ushirika, msije mkasema mi kangomba, wale walanguzi wa korosho, ni korosho za mikono yangu mwenyewe. Na mnajua msimu huu wezi wanavyokuwa. Nikanunua kamera ya waifai, nikaifunga kwenye kona ya stoo ikawa inayaangalia magunia usiku na mchana. Nikaona kadi ya ndani haifai, maana mwizi akiibeba kamera ameondoka na ushahidi, nikalipia huduma yao ya kuhifadhi picha kwenye seva za huko kwao nikaiweka irekodi muda wote bila kusimama. Nikajiona mjanja kweli. Siku hiyohiyo nikalipia na kifurushi cha mwezi kwenye ruta.

Siku ya 13 mtandao ukafa. Haukukatika, ulikufa. WhatsApp ujumbe wa maandishi unaenda, picha inazunguka, video usiiguse. Binti yangu yuko form four anajiandaa na mtihani wa Novemba anatafuta mitihani ya nyuma, faili dogo tu linachukua dakika kadhaa, analia. Mi kwanza nikamgeukia nani? Bibi. Si kwa kumwambia, nani ataweza kumwambia mkwe, ila nikaanza kununanuna, nikiona simu yake inaimba naangalia pembeni. Alafu nikawageukia watoto, nikabadilisha pasiwedi, nikampa mama watoto peke yake. Haikusaidia chochote.

Nikapiga huduma kwa wateja. Dada mstaarabu sana, hilo nampa. Mazungumzo yalikwenda hivi, nayakumbuka maana niliyarudia kwa kila mtu wiki nzima:

"Kaka kifurushi chako umefikia GB 200 za matumizi ya haki, kwa hiyo spidi imeshuka mpaka Mbps 1 hadi siku 30 zako ziishe."

"Sasa dada si mlisema bila kikomo?"

"Ndiyo kaka, ni bila kikomo, haujakatiwa. Unaendelea kutumia ila kwa spidi ya chini."

Nikanyamaza. Ukiifikiria hajadanganya. Bila kikomo kwao maana yake hawakuzimii. Ni kama mtu akukaribishe wali wa kula mpaka ushibe, sahani ya kwanza anakupakulia kwa upawa, ukiimaliza anaendelea kukupakulia kwa kijiko cha chai. Wali haujaisha.

Nikamuuliza mbona hamkunijulisha. Akasema tulikutumia meseji kaka, ilipofika asilimia 75 na ilipofika 100. Nikaangalia simu yangu, hamna. Akaniuliza, zimetumwa kwenye namba ya laini, laini iko wapi? Laini iko ndani ya ruta jamani! Meseji za onyo zinatumwa kwenye laini iliyoko tumboni mwa ruta, ruta haina kioo, haina mlio, nani atazisoma?

Kumbe zinasomeka, na hapa ndo sehemu naomba uondoke nayo kwenye hii habari hata ukiacha mengine yote. Geuza ruta yako chini kuna stika. Pale kuna namba zimeandikwa kama 192.168.1.1 au 192.168.8.1 au 192.168.0.1, inategemea na ruta, na chini yake jina na pasiwedi ya kuingilia. Ukiwa umeunganishwa na waifai ya hiyo ruta fungua kivinjari cha simu, ziandike hizo namba pale juu unapoandikaga anwani ya tovuti, unaingia kwenye chumba cha ndani cha ruta yako. Mle kuna sehemu ya meseji. Mi nilikuta meseji 31. Za promosheni, za kushinda pikipiki, na katikati yake zile mbili za onyo zimekaa tu kama barua za posta za mtu aliyehama. Mle mle kuna sehemu ya takwimu inakuonyesha umeshusha GB ngapi na umepandisha GB ngapi, na kuna orodha ya kila kifaa kilichounganishwa. Ya kwangu ilikuwa na simu moja nisiyoijua, kijana wa nyumba ya pili, nilimpa mwenyewe pasiwedi Julai siku ya mpira nikasahau. Wewe usisubiri upigwe kama mimi ndo uingie mle.

Dada akanishauri nikilipia upya nifute hesabu ya zamani mle kwenye takwimu ili ianze sifuri. Nikalipia tena sh 70,000 maana mtihani wa binti hausubiri, nikafuta, nikaendelea na maisha. Na kamera inaendelea kuangalia korosho.

Siku ya 13 tena. Puu. Mbps 1.

Hapo nikasema hawa wananiibia, hamna namna. Laki na arobaini ndani ya mwezi na bado hamna mtandao. Nilikuwa tayari kwenda dukani kwao kuwarudishia ruta usoni. Bahati yao jumamosi akaja mpwa wangu anayesoma chuo pale STEMMUCO, nikamwambia hebu mjomba niangalizie hii kitu kabla sijaenda kuharibu jina la ukoo. Akaingia kwenye takwimu akakaa kimya kidogo akasema "mjomba, kwani siku hizi wewe ni yutyuba?"

Tarakimu zenyewe zilikuwa hivi: kushusha GB 59, kupandisha GB 141. Yaani sisi wote, bibi na kaswida zake, watoto na katuni, mama watoto na TikTok, mimi na mpira, wote pamoja siku 13 tumekula GB 59. Na kuna kitu humu ndani kimetuma nje GB 141. Mimi nilikuwa sijui kabisa kama kutuma nako kunahesabiwa! Nilijua bando linaliwa na unachokiangalia. Kumbe mita ni moja, kinachoingia na kinachotoka vyote vinapita hapohapo, kwa hiyo picha simu inazojihifadhi zenyewe Google, video unayorusha stetasi, yote kwenye zile 200.

Mpwa akapiga hesabu kwenye karatasi ya mkate, nami nairudia hapa maana ilinifungua macho. Kamera yangu kwenye setingi zake imeandikwa inatuma Mbps 1. Ni kidogo, si ndio? Ndivyo nilivyosema. Ila hiyo b ndogo ni biti, na bando linahesabiwa kwa baiti, B kubwa, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo Mbps 1 ni MB 0.125 kila sekunde. Kwa dakika inakuwa MB 7.5. Kwa saa MB 450. Kwa siku nzima, kwa sababu kamera hailali, haiendi msikitini, haiendi sokoni, inakuwa GB 10.8. Zidisha siku 13 utapata GB 140 na ushee. Ileile! Na ningeiacha mwezi mzima peke yake, bila binadamu yeyote kugusa mtandao, ingekula GB 324 kwenye kifurushi cha 200. Korosho gunia zangu zimekaa zimetulia hazifanyi lolote na mimi nalipa kuzitangaza dunia nzima saa 24.

Na kuna ukatili mwingine ndani yake. Wakishakushusha mpaka Mbps 1, kamera yenyewe bado inataka Mbps 1 yake. Ndo maana hata ile spidi ya chini waliyotuachia hatukuiona, kamera iliikamata yote, sisi tukabaki tunagombania makombo na mimi nabadilisha pasiwedi za watoto.

Bibi nilimwomba radhi kimoyomoyo, nikamletea ming'oko, vile viazi pori vya huku kwetu, na chai ya asubuhi, hakuelewa imekuwaje.

Tulichofanya. Kamera tumeitoa kwenye kurekodi muda wote tukaiweka irekodi inapoona mtu tu, na ndani tumeichomekea kadi ya GB 64 hiyo ndo irekodi usiku kucha, kadi haili bando. Kutuma nje inatuma vipande vifupi tu. Siku ya kwanza ilitusumbua, ilikuwa inaona kuku, inaona paka, usiku wadudu wakipita mbele ya ile taa yake inadhani ni jambazi, tukapunguza ukali wake. Sasa inakula chini ya GB moja kwa siku. Simu za watu wote tumeambia zihifadhi picha mara moja kwa wiki badala ya kila dakika, na laptopu ya mpwa tukaiambia kwamba hii waifai ni ya kupimwa, kuna sehemu ya setingi ya hilo, la sivyo ikiona waifai inajishushia masasisho yake makubwa makubwa ikijua ni bure. Simu za Android nyingi nazo zina hiyo setingi, ukibonyeza jina la waifai yako.

TV nayo tuliigusa. Netflix wenyewe wanasema picha ya kawaida inakula mpaka GB 1 kwa saa, ya HD mpaka GB 3, na ile ya 4K mpaka GB 7. Sasa chukua GB 200 gawanya siku 30, una GB 6.6 kwa siku kwa familia nzima. Muvi moja ya HD ya saa mbili, umeondoka na GB 6. Tumeishusha iwe ya kawaida, kwa TV ya inchi 32 na mtu amekaa mkekani mbali kule, hakuna aliyegundua. Kubwa kuliko yote ni ile ya kulala na TV inajiwekea video nyingine yenyewe mpaka asubuhi, ile tumeizima kabisa.

Sasa tuwe wakweli, si kila ukiona mtandao mzito ni kikomo. Nimejifunza kutofautisha. Mimi huku saa 3 usiku, hata bando likiwa bichi kabisa siku ya pili, nikipima spidi napata Mbps 4, mara 3, kwa sababu mnara mmoja watu wote wamerudi nyumbani wanaangalia. Saa 10 alfajiri napata 9. Kwa hiyo ukitaka kujua, amka alfajiri upime. Ikiwa nzuri alfajiri na mbovu usiku, tatizo ni msongamano wa mnara na kununua bando jipya ni kutupa hela. Ikiwa Mbps 1 alfajiri na Mbps 1 usiku, hailegei haipandi, umeshafika kikomo chao. Na kuna ile ya tatu ambayo huna la kufanya, kama Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu nchi nzima tukabaki tunaangaliana, tena sisi wa kusini mwezi huohuo barabara ya Dar ilikuwa imekatika kwa mafuriko, hata ungekuwa na GB elfu moja ungezilalia.

Na "mpaka Mbps 10" nalo neno ni hilo "mpaka". Mi 10 yenyewe sijawahi kuiona, 9 ndo mwisho. Sijalalamika, 9 inatosha. Ila kijana wa duka asiseme 10, aseme mpaka.

Mpwa aliniambia kikomo si mambo ya huku tu, Marekani kampuni ya Comcast kwa miaka mingi iliweka GB 1,200 kwa mwezi kwenye intaneti ya nyumbani sehemu nyingi, ukizidisha unalipia dola 10 kwa kila GB 50. Nikamuuliza wewe ungechagua ipi, ya kupunguziwa spidi au ya kuletewa bili? Mimi bora kijiko cha chai kuliko kuamka na deni. Ila hao angalau waliiandika ile namba ikajulikana. Huku GB 200 niliisikia kwa mara ya kwanza nikiwa nimeshaimaliza. Nimerudi dukani kuuliza, tena kwa upole, kijana akasema "wateja ukiwaambia namba wanaogopa". Sasa si ndo maana ya kuniambia bwana!

Kwa hiyo ukienda kununua, ya kampuni yoyote, usiulize kama ina kikomo, watakwambia haina. Uliza: spidi inashuka baada ya GB ngapi? Inashuka mpaka ngapi? Siku 30 zinahesabiwa toka tarehe ya malipo au toka tarehe 1? Yangu ni toka nilipolipia. Na namba yangu ya simu mnaweza kuiunganisha nipate mimi meseji badala ya ruta? Hilo la mwisho nilipowauliza walisema inawezekana kupitia programu yao ya simu, wakaniwekea dakika mbili tu. Miezi minne hakuna aliyewahi kunitajia.

Nyota nawapa tatu. Mtandao wenyewe mzuri, kwa 70,000 nyumba ya watu saba huku Mangamba sijaona cha kuishinda, ukilinganisha na tulivyokuwa tunanunua vibando vya siku kila mtu na simu yake ilikuwa inazidi laki. Huduma kwa wateja nyota tano, yule dada hakunifokea na mimi nilistahili kufokewa. Nyota mbili nimezikata kwa maandishi ya sisimizi na kwa kutuma onyo kwenye tumbo la ruta.

Leo ni siku ya 22 ya kifurushi, nimetoka kuangalia mle ndani: tumetumia GB 119, zimebaki 81. Bibi karudi Newala juzi. Korosho zimeshaenda chama, kamera inaangalia stoo tupu na mama watoto anauliza si tuizime tu, mi nimemwambia iache, kuna jembe mle.